Mwalimu Anaposoma Kimya

Kwanza anasoma peke yake, kimya, ukurasa mzima. Kidole kinateremka pembezoni mwa maandishi, midomo haichezi. Wanawake waliokaa juu ya kreti zilizopinduliwa hawamsemeshi. Mikono yao inaendelea kuchambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, lakini macho wameyaacha usoni pake. Akimaliza ukurasa anakifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, anavua miwani, anawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha anaanza kuwasimulia kwa Kiswahili yale aliyoyasoma kwa Kifaransa.

Nimeona watu wengi wakiwasomea wenzao, kanisani, darasani, redioni. Sikuwahi kuona msomaji anayesikilizwa kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimekwenda Rubavu, Rwanda, kwa kazi nyingine, habari ya gesi ya methani inayovutwa kutoka kilindi cha Ziwa Kivu na kugeuzwa umeme, na Rubona nilikuwa napita tu. Ni ghuba iliyo kusini mwa mji wa Gisenyi, penye mitumbwi, kiwanda cha bia na harufu ya samaki walioanikwa. Habari ya gesi niliiandika, ikatoka. Hii ya kitabu ndiyo iliyokuwa inanidai.

Msomaji mwenyewe ameniomba nisimtaje jina, na hapo ufukweni hakuna anayelitumia. Ni Mwalimu, basi. Alisomesha Kifaransa miaka mingi. Serikali ilipoamua mwaka 2008 kuwa masomo yatolewe kwa Kiingereza, Kifaransa chake kikasogezwa pembeni, naye akahamia Kiswahili, lugha aliyoichukua utotoni kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, Goma, Kongo. Sasa amestaafu. Jumamosi alasiri, jua likishaanza kulegea na kabla wavuvi hawajatoka, anashuka ufukweni na kitabu ndani ya mfuko wa kitenge.

Kitabu ni kimoja. Ni "Adieu Zanzibar", tafsiri ya Kifaransa ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2005 kwa Kiingereza ikiitwa "Desertion". Mpwa wake alimletea kutoka Ubelgiji baada ya Gurnah kupewa Nobel mwezi Oktoba 2021, wakati kila duka la vitabu la Ulaya lilipokuwa linamtafuta upya. Jalada limeshalegea. Kurasa nyingine zina magamba ya sambaza, madogo, yanayong'aa ukizielekeza kwenye jua.

Walioisoma riwaya hii watanivumilia nikiipitia haraka. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Mombasa, Hassanali mwenye duka anakwenda kufungua msikiti alfajiri, anamwona mtu akijitokeza gizani na kuanguka. Anadhani ni zimwi. Kumbe ni Mzungu, Martin Pearce, hoi kwa jua na kiu. Hassanali ana dada, Rehana, ambaye mumewe Azad alisafiri akaahidi kurudi, asirudi. Rehana na Pearce wanapendana, wanaishi pamoja Mombasa, kisha Pearce naye anakwenda zake kwao. Inapita zaidi ya nusu karne. Unguja, miaka ya mwisho ya ukoloni, kijana anayesomea ualimu, Amin, anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, mwanamke aliyemzidi umri, aliyekwisha kuachika, anayeishi kwenye sehemu yake ya nyumba yenye mlango wake. Wazazi wa Amin wanapata habari. Wanamtaka aahidi kutomwona tena. Anaahidi. Mdogo wake, Rashid, ambaye ndiye anayetusimulia yote haya, anakwenda kusoma Uingereza, na Mapinduzi ya Januari 1964 yanamkuta huko.

Turudi kwenye kile kimya, maana ndicho kilichonifanya nibaki Rubona muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nilikaa na wanawake hao hadi nikaanza kukisoma kama wanavyokisoma wao. Mwalimu akisoma haraka na kugeuza ukurasa bila kusimulia, watu wa kitabuni wanazungumza tu, hakuna kilichotokea. Akishusha kidole polepole, kuna mtu anaumizwa. Akirudisha kidole juu na kuanza ukurasa upya, kuna wawili wanaachana. Mama mmoja mwenye mikono myeusi kwa moshi aliniambia kwamba siku ya Azad, yule mume wa Rehana, wao walijua hatarudi kabla Mwalimu hajasema neno, kwa sababu alivua miwani katikati ya ukurasa. Wakaanza kusikitika mapema. Mwalimu alipoinua uso aliwakuta wameshafika, ikabidi asimulie kwa kufuatia nyuma yao.

Mwalimu mwenyewe alikuwa hajui kuwa uso wake unasomwa. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema kwamba darasani, miaka yote ile, alijifunza kuficha. Mwanafunzi asijue kama jibu lake ni baya mpaka amalize kulisema. Hapa ufukweni hakuona haja ya kuficha.

Kitabu hiki kina hewa nyingi kuliko matukio. Gurnah anakaa muda mrefu kwenye uchochoro, kwenye kivuli cha ukuta, kwenye hatua za mtu anayetoka alfajiri wakati mji bado umelala. Nilidhani huko Mwalimu ataruka ili afike kwenye mapenzi. Yeye huko ndiko anakopanga kukaa. Wasikilizaji wake wamezaliwa kando ya ziwa lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari, na wengi wao bahari hawajaiona. Siku moja alifika mahali panapohitaji maji kupwa. Alieleza kwa mdomo, akaona nyuso hazijaelewa. Akaweka kitabu chini, akavua kandambili, akasimama maji ya Kivu yanapoishia, halafu akaanza kutembea akirudi nyuma kwa kisigino, taratibu, akiwaelekea, akiuonyesha kwa mkono mchanga aliouacha. Bahari ilikuwa pale, akasema. Sasa iko hapa. Akageuka, akaingia ziwani hadi magotini, kitenge kikalowa. Na baada ya saa chache inakwenda kule, na mashua mlizozifunga zinabaki zimelala kwa ubavu, mnaweza kuzizunguka kwa miguu mikavu.

Wanawake waliacha kuchambua. Hili walilijadili kuliko kifo cha mtu yeyote kitabuni. Maji yanakwenda wapi? Samaki je? Mwizi akija usiku wa maji kupwa anazichukua mashua kwa mikokoteni? Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza kama watu wanaokaa na maji yanayoondoka kila siku hawawi na moyo mwingine. Mwalimu alisema swali hilo anamwachia Gurnah.

Nikaja kuelewa kuwa bila mchanga ule Jamila asingekuwa mtu kwao. Hadithi ya mapenzi wanayo, redio inawaletea kila wiki. Mchezo wa redio wa "Musekeweya", ulioanza kusikika Rwanda mwaka 2004, una wapendanao wake wawili wa vijiji viwili vyenye uhasama, na hapa Rubona kila mtu anawajua. Kinachowarudisha kwa Mwalimu kila Jumamosi ni ule mji wenye vichochoro, ambamo kila mlango una mtu anayejua nani amepita.

Kuna mahali katika kitabu Gurnah anafanya jambo la ujasiri. Ametuleta hadi Pearce amerudi nyumbani kwa Hassanali kushukuru, amemwona Rehana, na tunasubiri. Hapo msimulizi anakatiza. Anakiri kwamba hajui ilivyoanza. Mwanamke wa Kiislamu wa mji ule, mwaka ule, na Mzungu: walisemezana wapi, nani alitangulia, nani alimbebea nani ujumbe? Hajui, anachoweza ni kukisia tu, na anatuambia hivyo waziwazi.

Mwalimu anasema ukurasa huo aliusoma kimya kwa muda mrefu kuliko wowote, mpaka mtu akakohoa kumkumbusha kuwa wapo. Akawaambia ukweli: mwenye hadithi anasema hajui. Wakamkatalia. Mama mmoja alimwambia wazi, kwa heshima, kuwa labda Kifaransa kimempiga chenga. Alipowahakikishia kuwa ndivyo ilivyoandikwa, wakakichukua kisa wenyewe. Wa kwanza akasema Rehana ndiye aliyeanza, kwa sababu aliyeachwa mara moja haogopi tena maneno ya watu. Wa pili akapinga: aliyeachwa mara moja ndiye mwoga kuliko wote, huyo Mzungu lazima alikuja mara nyingi, kwa visingizio, akinunua dukani vitu asivyovihitaji. Wa tatu alikuwa na mpango kamili wenye mtoto wa jirani anayetumwa na sahani iliyofunikwa. Jua likazama kitabu kikiwa kimefungwa, na Jumamosi hiyo haukusomwa ukurasa mwingine.

Mwalimu anaikumbuka alasiri hiyo kama ndiyo kitabu kilipohama mikononi mwake. Ilimuuma kidogo, anasema, kisha ikamfurahisha. Miaka yote alisahihisha insha za watoto wanaoogopa kuandika wasichokiona ubaoni, na hapa akina mama ambao wengine hawakumaliza shule ya msingi walikuwa wanamjazia mwandishi wa Nobel pengo aliloliacha kwa makusudi.

Nilimuuliza kama na yeye huwa anaacha mapengo. Alikiri. Usiku Amin anapopita mlango wa Jamila, Mwalimu anasoma ukurasa wote, anavua miwani na kusema, "Akaingia. Akatoka kabla ya adhana." Wanawake wanacheka, wanamtania, wanadai haki yao. Yeye hatoi. Kati ya wasikilizaji mna mama wa makamo yake na mna mkwe wa mama huyo, wamekaa kreti moja, na yapo mambo ambayo hao wawili hawawezi kuyasikia pamoja kutoka kinywani mwake. Nilitaka kumwambia kwamba kurasa hizo ni nzuri, kwamba bila furaha ile hasara inayofuata haina uzito wake. Naamini hivyo hadi leo. Lakini nilikuwapo siku ya hasara yenyewe, na uzito niliuona.

Siku hiyo ni siku ya ahadi. Amin ameitwa na wazazi wake. Wazazi hawa si wakatili, na hapo ndipo Mwalimu anaposisitiza. Ni walimu wote wawili, watu wa kusoma, wanaowapenda watoto wao. Wanamwambia huyo mwanamke ana historia, bibi yake aliishi na Mzungu, watu wanasema. Amin anawasikiliza, anaona wanavyoteseka, anakubali. Hafungiwi ndani wala hapigwi. Anatoa neno lake kwa sababu ni mtoto mwema, na kwa kuwa ni mtoto mwema analishika.

Mwalimu aliinua uso akasema, "Amesema ndiyo." Hakuongeza neno.

Nilitazamia kilio, au hasira juu ya wazazi. Kilichofuata ni mgawanyiko. Wenye watoto wa kiume wakubwa walimtetea mama wa Amin papo hapo, kwa sauti, kana kwamba kuna mtu amemshitaki. Mama amembeba tumboni, Jamila amembeba wapi? Mmoja aliyezoea kuvuka kwenda Goma na ndoo za sambaza alisema Amin ni mwoga, na mwanamume mwoga usimlilie. Wadogo hawakusema kitu. Msichana mmoja aliinuka, akaenda kunawa mikono ziwani, akanawa kwa muda mrefu, akarudi akakaa. Hakuna aliyemuuliza.

Baadaye, tukipanda mlima kuelekea barabarani, nilimuuliza Mwalimu habari za yule msichana. Aliniita mwanangu, akanishika mkono kwa sababu njia ni ya mawe, na akanijibu kwa mzunguko. Kuna watu wako ng'ambo, alisema, ambao hata geti la mpaka likiwa wazi hawawezi kuletwa nyumbani huku. Na kuna walio huku ambao hawawezi kupelekwa kule. Mpaka wa askari una saa zake za kufungwa na kufunguliwa. Ule wa wazazi hauna saa.

Anayeijua Gisenyi haelezwi zaidi. Mji huu na Goma ni mji mmoja uliokatwa kwa mstari, na pale kwenye kivuko cha Petite Barrière, kabla ya korona, walikuwa wanapita makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Mwaka 2012 vita, mwaka 2020 ugonjwa, Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikatapika na watu wa Goma wakakimbilia huku usiku, Januari 2025 vita tena, mabomu yakaanguka hadi ndani ya Rubavu yakaua. Kila mara kuna aliyekuwa upande usio wake. Rashid wa kitabuni, aliyekwenda kusoma na kukuta njia ya kurudi imefungwa nyuma yake, hapa hahitaji kufafanuliwa, na Mwalimu anampitia kwa haraka. Wasikilizaji wanamrudisha kwa Amin, aliyebaki nyumbani, mtaa uleule, akijua mlango ule uko wapi.

Mimi nilikuwa na swali moja lililonisumbua tangu siku ya kwanza, na nililiogopa. Katika nchi hii, kwa nini kuwaletea watu huzuni ya ziada? Wanawake wale wote wana umri wa kuwa na huzuni yao, au ya mama zao. Nilipothubutu, Mwalimu hakukasirika. Alisema Aprili hasomi. Tangu tarehe 7, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi inapoanza, kitabu kinakaa kabatini, na hakirudi ufukweni mpaka wanawake wenyewe wamwambie. Wakati huo kila mtu ana wake wa kumlilia na hakuna anayehitaji kuazimwa. Lakini miezi mingine, aliendelea, mtu anaweza kumlilia Jamila mbele za watu bila kuulizwa analia nini. Analia kitabu.

Sijui kama hilo linatosha. Mama mmoja, wa kimya kuliko wote, huwa anaondoka kila Mwalimu anapoanza kurudia ukurasa, anakwenda kusimama kwenye meza za kuanikia, anarudi ukishapita. Anarudi kila Jumamosi, na kila Jumamosi anaondoka. Sikumuuliza, na Mwalimu pia hajamuuliza.

Kinachomuudhi Mwalimu waziwazi ni kingine. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, kinafundishwa, vitabu vya sarufi na mazungumzo vipo. Mwanafunzi wake wa zamani anaweza kununua tikiti ya basi kwa Kiswahili safi, kujaza fomu, kumsalimia mgeni. Hadithi ya kumkosesha usingizi haipati. Gurnah, mtoto wa Unguja, ilibidi angoje tuzo ya Nobel ndipo "Paradise" yake itafsiriwe na Ida Hadjivayanis, ikatoka Dar es Salaam kwa jina la "Peponi". Mwalimu ameisikia, hajaishika mkononi. Mjukuu wake anaweza kumsoma Gurnah kwa Kiingereza, yeye anamsoma kwa Kifaransa, na wanawake wa sambaza, wanaozungumza lugha ileile ya Rehana na Jamila, ndio wanaotegemea mtu wa kuwasimulia. Alipolisema hili alisimama kabisa njiani. Nadhani ana haki ya kukasirika, na nadhani wachapishaji wa Dar na Nairobi, walio umbali wa safari ya basi tu, wana jambo la kujibu.

Wanawake wamemwomba aandike simulizi lake kwenye madaftari, lisomwe hata asipokuwepo. Amekataa. Anasema kitabu kina mwenyewe. Pia anaogopa, na hili alilisema kwa sauti ya chini, kwamba akiandika ndipo atalazimika kuamua Amin alisema nini hasa siku ile, wakati kwa mdomo anaweza kusema tu kwamba alikubali.

Nilimuuliza angependa Amin afanye nini. Alisema amejiuliza kama mama na amejiuliza kama binti, na majibu ni mawili, hayajawahi kukutana. Binti yake mkubwa ameolewa Kigali, kwa ridhaa ya wote. Habari za yeye mwenyewe alipokuwa binti hakunipa, nami sikuzifukua.

Kabla sijaondoka alinionyesha kitabu cha pili, kilichofika kutoka Tanzania kupitia mikono ya dereva wa lori: "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Unguja ileile, miaka ileile ya ukoloni unaokwisha, na safari hii kwa Kiswahili. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa, anamtoroka mumewe Mombasa na kurudi Unguja, anakataliwa na jamaa zake, anaishi kwa rafiki yake Mwajuma, anampenda Denge, Mwafrika anayesakwa na polisi wa Kiingereza. Hapo hakuna cha kutafsiri. Mwalimu angeweza kukisoma kwa sauti moja kwa moja, na amewaambia hivyo. Wamemwambia hapana, asome kama kawaida, ukurasa kwanza kwake, halafu kwao. Wanataka kumwona akisoma.

Ataanza wakimaliza cha Gurnah. Yule anayevuka na ndoo ameshauliza kama huyu Yasmin naye ataahidi kitu kwa mtu. Mwalimu alimwambia huyu hakuahidi, huyu alikimbia. "Basi twende naye," akasema mama, "tuone aliyekimbia alifika wapi."